Chumvi Kwenye Sega

Nimerudisha funguo za karakana juma lililopita, na Otieno dereva ameshanipigia simu mara nne kuniuliza vitu viliko. Brashi laini iko wapi? Kwenye kopo la maziwa. Kopo la maziwa liko wapi? Basi nimeona bora niandike yote kwa mpigo, nyinyi mnaobaki karakana ya Ras Al Khor msome, na mie ninywe chai yangu kwa raha. Anayetaka kujua nilipanda vyeo vipi akaulize ofisini. Hapa nitasema habari za majiko ya kuni, na hasa kile kidude cha ndani tunachokiita sega. Nimekitunza miaka mingi, na mpaka leo sijakielewa sawasawa.

Hata nyumbani kwangu kazi hii haikuwahi kueleweka. Siku nilipomwambia mke wangu kwamba sasa natengeneza majiko, aliniuliza, "Ya gesi?"

"Ya kuni."

"Ya kupikia nini?"

"Si ya kupikia. Ya kuota moto."

Alinitazama, akatazama dirishani, huko nje jua linawaka na kiyoyozi chetu kinahema. "Baba Salma," akasema, "wee una homa?"

Sikumlaumu. Wazee wangu walihamia Dubai kutoka Unguja mie bado nanyonya, nikakulia mtaa wa Deira, na moto niliokuwa naujua ni wa mkaa wa kufukizia udi. Nilikwenda Ras Al Khor kufunga ekzosi za magari. Siku ya kwanza nilivaa shati jeupe, sijui nilidhani nakwenda harusini. Fundi mkuu alikuwa Ustadh Gul, Mpathani wa Peshawar mwenye mikono mipana na maneno machache. Alilitazama shati langu, akanipa bomba la ekzosi nilishike kifuani, akaniacha nimesimama nalo mpaka adhuhuri. Kumbe halikuwa la kazi yoyote. Alitaka tu shati lichafuke, tuanze.

Majiko yalituingilia kwa makosa. Mteja mmoja alileta kipande cha mraba, chepesi, kimejaa matundu madogo madogo, akauliza kama tunalo jipya. Ekzosi za magari zina sega linalofanana na hilo, kwa hiyo tukaanza kubishana ni la gari gani. Mmoja anasema la Kijapani, mwengine anasema la lori. Asubuhi nzima tunapekua rafu. Mwishowe yule mteja, maskini, akasema kwa sauti ya chini kwamba si la gari, ni la jiko lake la Hatta. Gul akakaa chini akacheka mpaka akakohoa. Tangu siku hiyo mtu yeyote mwenye jiko la kuni katika emirati hii aliletwa kwetu, na mie ndiye niliyetupiwa, kwa sababu nilikuwa nimebishana kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mtu asiyejua Hatta hawezi kuamini. Kule milimani miezi ya baridi asubuhi unaona pumzi yako. Watu wamejenga vibanda vya mbao vya kukodisha wageni, na mgeni wa Dubai akilipia baridi anataka na moto wake. Majiko yanaagizwa kutoka nchi zenye theluji. Ndani ya jiko, juu kabisa karibu na bomba, ndipo linapokaa sega. Limetengenezwa kwa udongo uliochomwa na kupakwa madini ya thamani. Moshi ukipita kwenye matundu yake wakati limeshapata moto, unaungua mara ya pili. Kuni kidogo, joto jingi, na jirani hasumbuliwi na moshi. Kwa nini moshi ukubali kuungua mara ya pili wakati mara ya kwanza umekataa, nilimuuliza Gul. Akanambia, "Muulize Mungu, mie nasafisha tu."

Kusafisha ndiko huku, andikeni. Jiko lipoe kabisa, mpaka siku ya pili. Ukilitoa sega, lishike kwa mikono miwili na usilibane, maana linavunjika kuliko biskuti. Majivu yaondoe kwa brashi laini ya rangi, kuanzia upande moshi unakotokea. Usichokoe matundu kwa waya, hata kama yanakuudhi, na yatakuudhi. Likiwa limechoka sana, lichemshe kidogo kwenye siki na maji yale safi ya kutilia betri, nusu kwa nusu, kisha lisuuze kwa maji hayo hayo na likauke vizuri. Sabuni hapana. Ukilirudisha, kamba ya gasketi, ile inayoziba mianya, iwe mpya kila mara. Mke wangu alikuwa akishangaa kwa nini fundi wa majiko ananunua siki nyingi kuliko muuza achari, nami sikuwa na nguvu za kumweleza.

Gul alikuwa na maswali mawili, na hakugusa bisibisi kabla ya kuyauliza. Kuni kavu? Mlango wa moshi wazi? Kuna mtaimbo mdogo ubavuni mwa jiko. Ukiuvuta, mlango wa juu unafunguka na moshi unakwenda moja kwa moja kwenye bomba. Hivyo ndivyo unavyowashia. Kipimajoto kikifika kwenye alama, ndipo unafunga mlango huo ili moshi ulazimike kupita kwenye sega. Ukifunga mapema, sega bado baridi, haliunguzi kitu, na moshi unarudi chumbani kwako. Na kuni mbichi hazifikishi alama hata ukae unazipulizia mpaka alasiri. "Kwanza uliza," Gul alikuwa akisema. "Mtu anayekaa na jiko anajua. Wewe umekuja sasa hivi, unajua nini?"

Tena alikuwa na tabia ya kuonja majivu. Naapa. Anachovya kidole, anagusisha ulimi, anatema, anasema, "Mbao za rangi," au, "Huyu kachoma maboksi." Nikimwambia hiyo si kazi ya mtu mzima, atakufa, alikuwa akinijibu kwamba ulimi hauhitaji betri. Alirudi kwao Peshawar akiwa mzima kabisa, akaniachia brashi yake na hilo kopo la maziwa. Nyinyi msionje. Mie nilionja mara moja tu, na hiyo ndiyo habari ninayotaka kuifikia, kwa sababu nimeambiwa huko karakana mnaihadithia vibaya.

Ilikuwa msimu wangu wa mwisho wa baridi. Madam mmoja mwenye vibanda vitatu Hatta, mtu mzuri tu, mwenye haraka zake, alikuwa mteja wetu wa zamani. Vibanda hivyo alimkabidhi Nakato, binti wa Kiganda aliyefika hapa kufanya kazi za ndani. Kiswahili chake alikiokota humu humu Dubai, kwa wenzake walinzi na wapishi. Kila mgeni akija, Nakato ndiye anayetandika, anayepika chai, anayewasha jiko la kibanda kikubwa, ndicho pekee chenye jiko. Nilimuonesha mwenyewe mtaimbo na kipimajoto, akaandika kwenye daftari.

Sega la kwanza lilikufa katikati ya msimu. Moshi mweupe juu ya bomba, jiko halishiki joto. Nikalisafisha, nikalichemsha kwa siki, wapi. Nikatia jipya. Wiki chache baadaye la pili likafa, kisha la tatu. Sega moja hukaa misimu kadhaa, na haya yalikuwa yanakufa kwa wiki. Nilichanganyikiwa. Nikakagua kuni, zilikuwa za msamari, ule mti wa miiba wa jangwani, kavu, nzuri. Nikakagua bomba, safi. Nikadhani ni mgeni anayetupia plastiki, nikadhani ni udi, nikadhani tumeuziwa masega bandia. Jambo moja lilinitatiza zaidi: fremu ya chuma inayoshika sega, chuma kisichoshika kutu, ilikuwa imeshika kutu. Otieno alinambia, "Mzee, hii stovu iko na laana." Nikamwambia anyamaze, lakini usingizi wangu haukuwa mzuri.

Basi safari ya mwisho nikiwa peke yangu mbele ya jiko, nikatazama kulia na kushoto, nikachovya kidole kwenye majivu, nikaonja. Chumvi! Si ukakasi wa majivu, chumvi ya mezani, tele. Chumvi inaliua sega na inakula chuma. Lo, nilifurahi, nilimuona Gul ananicheka kutoka Peshawar.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilipoharibu. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiona mtoto ana homa isiyoeleweka, anachukua chumvi ya mawe, anamzungushia kichwani, anaitupa kwenye mkaa ipasuke, husuda iondoke. Nimekua naliona hilo. Kwa hiyo nilijiona najua kila kitu: huyu binti naye ana mambo ya kwao. Sikumuuliza. Alikuwa hapo hapo nje anaanika mashuka, na sikumuuliza. Nikarudi karakana nikaandika ripoti kwa madam, kwa Kiarabu kizuri kabisa: sega limeuawa na chumvi, anayewasha jiko ndiye anayeitia, huenda kwa imani zake. Haya maneno manne ya mwisho hakuna aliyeniomba niyaandike.

Siku ya pili asubuhi madam akanipigia. "Khamis, njoo Hatta. Sasa hivi."

Otieno akanipeleka. Tulipoingia kwenye kibanda, madam amesimama katikati na ripoti yangu mkononi, na Nakato amesimama karibu na rundo la kuni, macho chini. Begi lake liko mlangoni, limefungwa.

"Umeandika chumvi," madam akanambia. "Una hakika?"

"Nina hakika, madam. Nimeionja."

"Chumvi ndani ya moto, nyumbani kwangu, siku baada ya siku. Na hapa umeandika imani. Unajua hiyo inaitwaje?"

Nilijua kabla hajalitamka.

"Sihri," akasema. "Mwanangu amekuwa mgonjwa msimu wote, nami najiuliza ni nini. Kumrudisha huyu kwao haitoshi. Nawaita polisi kwanza."

Uchawi hapa si neno la kutaniana. Ukishatajwa nalo, huwezi kusema ilikuwa bahati mbaya. Nilikuwa nimekuja kueleza habari za sega, na sasa kulikuwa na binti wa watu atakayefungwa kwa mwandiko wangu. Nikamgeukia kwa Kiswahili.

"Mwanangu, hebu nambie. Chumvi humu ulitia wewe?"

"Ndiyo, Mzee," akajibu, bila hata kufikiri.

Madam hakuhitaji mfasiri kwa hilo. Akainua simu yake.

"Kwa nini, mama? Kwa nini ulitia?"

Nakato akainua macho. Alinitazama kwa mshangao mtupu, mdomo wazi. "Si wewe ulisema?"

"Mie?"

"Wewe, Mzee."

"Mie nilisema lini? Wapi?"

Nikadhani anatafuta pa kutokea, na nikaona hasira inanipanda. Lakini alikuwa ameshatoa simu mfukoni, anapekua, anatafuta ujumbe wa sauti aliouwekea alama ya nyota. Akabonyeza. Kwanza nikasikia sauti yake mwenyewe, ya mwanzo wa msimu, anakohoa: "Mzee, moshi imejaa kwa nyumba yote. Macho inatoka maji, wageni wamekimbilia nje, mimi nakufa hapa, Mzee. Nifanye nini?"

Kisha ikaja sauti yangu. Nyuma yangu grinda inakata bomba, makelele matupu, na mie nimo humo nasema: "Aa, wewe... tia chumvi sasa. Ngoja kidogo, moshi utaisha wenyewe."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie tena. Otieno, aliyekuwa mlangoni karibu na begi, akaanza kucheka, kisha akajiziba mdomo kwa mkono. "Mzee," akasema taratibu, "hapo ulisema 'unatia chumvi'. Lakini hiyo 'una' imemezwa na grinda."

Na ndivyo ilivyokuwa. Nilikumbuka. Nilikuwa na kazi mkononi, nikausikiliza ujumbe wake nusu, nikaona ni mambo ya wasichana kulia kwa moshi kidogo, nikamwambia anatia chumvi. Basi. Yeye akaenda mekoni akachukua chumvi, akamwaga konzi motoni. Akangoja kidogo, kama nilivyosema. Jiko likapata moto, kama yanavyopata majiko yote ukingoja, na moshi ukaisha wenyewe, kama nilivyosema. Tangu siku hiyo hakuwasha jiko bila konzi ya chumvi. Kwenye daftari lake, alinionesha, chini ya mtaimbo na kipimajoto ameandika: chumvi, Mzee Khamis amesema.

Madam alikuwa bado ameshika simu. "Anasema nini? Amekiri?"

Jamani, kutafsiri kuna siku zake. Nilianza nikakwama. Nikimwambia madam kwamba nilisema chumvi lakini sikukusudia chumvi, nitaonekana mie ndiye mchawi. Nikahangaika, jasho linanitoka kwenye baridi ile, mpaka nikakumbuka wenyewe Waarabu husemaje mtu akiikuza hadithi. Wao husema ametia bizari.

"Madam," nikamwambia, "nyinyi mtu akizidisha maneno, mnasema ametia baharati?"

"Ndiyo."

"Sisi husema ametia chumvi. Alinilalamikia moshi, nikamwambia anazidisha. Akasikia nimemwambia atie chumvi. Akatia. Amenitii, basi. Na hilo neno la imani nililiandika mie kwa kichwa changu, sikumuuliza mtu."

Alinitazama, akaitazama ripoti. "Kwa hivyo hakuna sihri."

"Hakuna, madam. Kuna mie tu."

Kisha akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyekuwa na hofu, akakaa kwenye kiti akajifuta macho kwa ncha ya shela. Nikamuomba ile karatasi nikaichana mbele yake. Nyingine nikaiandika hapo hapo, nimeegemea ukuta, na kwenye nafasi ya sababu nikaandika: kosa la fundi. Nakala yake iko kwenye faili la kijani, na si kweli kwamba niliificha. Madam akamwambia Nakato kwa Kiingereza, khalas, yamekwisha, arudishe begi chumbani. Akatoka nje kwenda kumpigia mumewe, nikamsikia bado anacheka.

Nakato hakuligusa begi. Otieno alikuwa anacheka, madam anacheka, na mie kwa kuwa mzigo umenitua nilikuwa nimeanza kutabasamu. Yeye hakutabasamu.

"Mzee, umemwambia nini?"

Nikamweleza. Kwamba kwa Kiswahili chetu, kutia chumvi ni kuongeza maneno, kulifanya jambo dogo kuwa kubwa. Nikadhani atacheka naye. Akaitazama simu yake, ule ujumbe bado uko kwenye kioo na nyota yake. Aliuweka msimu mzima, akijua kuna mzee mmoja Dubai ambaye ukimuomba msaada anakujibu.

"Kwa hiyo ile siku hukunisaidia," akasema. "Ulisema mimi naongopa."

Otieno akaacha kucheka.

"Moshi ilikuwa mingi kweli, Mzee."

Miaka yote ile, maswali mawili ya Gul, na huyu nilikuwa sijamuuliza hata moja. Nikazima simu yangu. Nikakaa kitako sakafuni mbele ya jiko, mkono juu ya mtaimbo.

"Nisamehe, mwanangu," nikamwambia. "Nimekukosea. Haya, nieleze toka mwanzo. Mie nasikiliza."

Alisimama kidogo, kisha akalivuta begi lake, akalikalia, akaiweka simu magotini.

"Ile asubuhi, Mzee," akaanza, "mtu wa bustani alikuwa amemwagia kuni maji."